Chanjo ya taifodi ya kuku: kwanza acha dawa, kisha shika sirinji

SWALI: Nina matembe 300 wa kuku wa mayai hapa Arua, Uganda, umri wao wiki 10. Nimeshawachanja kideri, gumboro na ndui. Mwezi huu jirani yangu amepoteza karibu nusu ya kuku wake: walizubaa, wakaharisha kinyesi cha manjano na kijani, vilemba vikapauka, wakafa mmoja mmoja kila siku. Muuza dawa mmoja ananiambia kuna chanjo ya taifodi ya kuku. Mwingine anasema nisipoteze pesa, niendelee na oksitetrasaiklini ninayowapa kila Jumatatu. Je, nichanje? Naweza kuiweka kwenye maji ya kunywa kama ile ya kideri? Na nikishachanja, nyama na mayai vinaliwa?

JIBU: Chanja, mama, lakini si kesho asubuhi. Ukiwapa oksitetrasaiklini Jumatatu na kuchoma chanjo Jumanne, pesa ya chanjo umeimwaga. Chanjo ya taifodi ya kuku inayotumika sana ni bakteria hai waliodhoofishwa. Lazima waishi ndani ya mwili wa kuku kwa muda na kuzaliana kidogo ndipo kinga ijengeke. Antibayotiki haijui huyu ni wa chanjo na huyu ni wa ugonjwa, inawaua wote. Hivi ndivyo wafugaji wengi wanavyoishia kusema "nilichanja na bado wakafa", wakilaumu chanjo, wakati chanjo ilikufa ndani ya kuku saa chache baada ya kuchomwa.

Mazoea haya yametokana na kideri, gumboro na ndui. Magonjwa hayo matatu ni ya virusi, na chanjo zake ni virusi. Antibayotiki haina kazi kwa virusi, kwa hiyo mtu aliyezoea kuwapa kuku dawa siku ya chanjo ili "wasishtuke" hakuona madhara. Tabia hiyo hiyo ikihamia kwenye chanjo ya bakteria inaharibu kila kitu. Kwa hiyo jibu kwa yule muuza dawa wa pili ni hili: ama dawa, ama chanjo hai, si vyote viwili katika wiki moja. Na ukiniuliza kipi nichague kwa kuku anayetarajiwa kukaa bandani zaidi ya mwaka, nachagua chanjo. Dawa ya kila Jumatatu kwa kuku mzima haimkingi, kwa sababu Ijumaa imeshamtoka mwilini. Inachofanya ni kuwafundisha bakteria wa bandani kuizoea, na siku ugonjwa ukiingia kweli dawa hiyo haitafua dafu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kilichomuua kuku wa jirani ni taifodi kweli. Kinyesi cha kijani peke yake hakithibitishi kitu. Kuku wa kideri huharisha kijani, na hata kuku asiyekula kwa siku mbili hutoa kinyesi cha kijani kwa sababu ya nyongo. Kideri mara nyingi huja na kukoroma, shingo kupinda na vifo vingi vya ghafla katika siku chache. Taifodi inatembea polepole zaidi: leo wawili, kesho wanne, keshokutwa watatu, na inaendelea kwa wiki kadhaa. Ukimpasua kuku aliyekufa kwa taifodi utaona ini limevimba, na likikaa hewani kidogo linageuka rangi ya shaba yenye ukijani, mara nyingine lina vidoa vidogo vyeupe. Bandama huwa imekua mara mbili au tatu. Kwa kuku anayetaga, viini vya mayai vilivyo tumboni vinakuwa vimesinyaa, vimekunjamana au vimepoteza rangi.

Lakini usipasue ikiwa kuku wengi wamekufa ghafla kwa pamoja, au ukisikia ndege wa porini nao wanakufa maeneo hayo. Mafua makali ya ndege yaliwahi kuthibitishwa Uganda Januari 2017, upande wa Ziwa Victoria, na ugonjwa huo si wa kuuchezea kwa kisu cha jikoni. Hapo piga simu kwa ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya na usiguse mizoga.

Kwa hali uliyoeleza, mshauri jirani achukue kuku wawili au watatu waliokufa punde, au walio mahututi, kabla hajawapa dawa yoyote. Awafunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, awaweke kwenye barafu bila kuwagandisha, na wafike kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mzoga uliokaa juani nusu siku unaota bakteria wa kila aina na maabara haitapata la maana. Daktari anaweza kutuma sampuli kwenye maabara ya taifa ya magonjwa ya mifugo iliyoko Entebbe, au ile ya chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere. Kuotesha bakteria huchukua siku mbili tatu. Faida nyingine ya kupima ni kwamba maabara inaweza kujaribu ni dawa gani bado inamuua huyo bakteria, na jirani akaacha kubahatisha.

Sasa tuseme majibu yamesema ni taifodi, na kuku wako wewe wanakula vizuri, hawaharishi, hakuna aliyekufa. Hapo ndipo chanjo ina maana. Ikiwa tayari baadhi ya wako wameanza kuzubaa, simama. Chanjo hai inampa mwili kazi, na kuku aliyekwisha kuambukizwa akichomwa anaweza kufa haraka zaidi kuliko ambavyo angekufa bila chanjo. Zaidi ya hayo, sindano ile ile inayotoka kwa mgonjwa na kuingia kwa mzima inabeba ugonjwa wenyewe. Kundi lililokwisha kuingiliwa hutibiwa kwanza kwa ushauri wa daktari, na waliopona hubaki wamebeba vijidudu. Mayai yao yasitotolewe kamwe, kwa kuwa ugonjwa huu hupita kwenye yai hadi kwa kifaranga.

Ratiba yako basi iwe hivi. Acha oksitetrasaiklini leo. Subiri angalau siku 7 kabla ya kuchanja, na baada ya kuchanja usitoe antibayotiki kwa wiki mbili. Kibandiko cha chanjo yako kikitaja siku nyingi zaidi, fuata kibandiko. Hivyo utachanja wakiwa na wiki 11 au karibu 12. Kwa kawaida dozi ya kwanza hutolewa kuanzia wiki ya 6, kwa hiyo umechelewa kidogo lakini hujaharibu. Dozi ya pili wape wakiwa wiki ya 16, kabla ya yai la kwanza, ambalo kwa kuku wa mayai wa kisasa hutoka karibu na wiki ya 18 hadi 20. Usiiruke dozi hiyo ya pili. Kinga ya dozi ya kwanza haifiki mwisho wa kipindi cha kutaga, na kuku anayeanza kutaga ndiye anayeangushwa na taifodi kwa urahisi.

Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa hata wafugaji waangalifu: pakiti za vitamini. Nyingi zinazouzwa madukani kwa jina la kuongeza mayai au kupunguza mshtuko zimechanganywa na antibayotiki. Geuza pakiti, soma viambato vilivyoandikwa kwa herufi ndogo. Ukiona majina kama oksitetrasaiklini, neomaisini, erithromaisini au streptomaisini, hiyo ni dawa iliyovaa kanzu ya vitamini, iweke kando. Dawa za koksidia, yaani za kuhara damu, nazo zitazame. Amproliumu haigusi bakteria, unaweza kuitumia. Zile za jamii ya salfa zinaua bakteria wa chanjo, ziepuke katika kipindi hicho. Minyoo itoe wiki moja au zaidi kabla ya sindano, kwa sababu kuku mwenye minyoo hujenga kinga hafifu.

Kuhusu kuiweka kwenye maji: hapana. Chanjo hii iliyozoeleka inaitwa 9R na imetokana na kazi ya mtafiti H. Williams Smith huko Uingereza katika miaka ya 1950. Bakteria huyu amepoteza sehemu ya ganda lake la nje, ndiyo maana hana nguvu ya kuleta ugonjwa kwa kuku mzima. Kwa sababu hiyo hiyo hana uwezo mzuri wa kupenya utumbo na kuingia mwilini kama yule mkali. Akipitia kinywani kinga inakuwa dhaifu na haina mpangilio, kuku mmoja anapata, mwingine hapati. Njia yake ni sindano chini ya ngozi. Kama kuna chupa inayosema vinginevyo, itakuwa imeandikwa wazi kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi; neno la muuzaji peke yake halitoshi.

Tuje kwenye kununua na kusafirisha, maana kwa mtu wa Arua hapo ndipo chanjo nyingi zinapoharibika. Chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikinunuliwa Kampala, ina safari ya karibu kilomita 500 kupitia Karuma na Pakwach, usiku kucha ndani ya basi. Ukimwagiza mtu, mwambie asiichukue dukani asubuhi na kuizungusha mjini mchana kutwa. Aichukue jioni anapoelekea kituo cha basi. Iwekwe kwenye sanduku la barafu au chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu ikiwa ya kutosha kubaki haijayeyuka yote hadi asubuhi. Kati ya barafu na vichupa kuwe na gazeti au kitambaa. Kichupa cha unga mkavu hakidhuriki sana na baridi kali, lakini chupa ya maji yake ya kuchanganyia ikiganda inaweza kupasuka, na chanjo zilizouawa, ambazo nitazieleza mbele, zikiganda mara moja tu zimekwisha, hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri. Sanduku likae ndani na abiria, si kwenye buti ya basi karibu na injini. Likifika, fungua na ushike barafu mwenyewe. Ukikuta maji ya uvuguvugu, usijidanganye.

Dukani, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na kama friji yenyewe inafanya kazi. Duka ambalo friji yake imejaa soda na halina kipimajoto, chanjo yake iache hapo hapo. Nunua kwenye duka lenye leseni ya dawa za mifugo, na uhifadhi boksi pamoja na namba ya toleo hadi kuku wamalize kutaga.

Kuhusu kiasi: aina moja inayopatikana huja na dozi 1000, unga kwenye kichupa na maji yake mililita 200, kila kuku akipata mililita 0.2. Aina nyingine huelekeza mililita 0.5. Usichukue kipimo cha chanjo hii ukakitia kwenye ile. Kwa kuku 300 kwa mililita 0.2 utatumia mililita 60, na zitabaki 140. Ndiyo, zimebaki na zitamwagwa. Kugawa unga kwa kijiko au kuhifadhi mchanganyiko kwenye friji hadi wiki ijayo ni kazi bure, kwa sababu ukishachanganywa una saa 2 tu. Uliza kwanza kama kuna chupa ya dozi chache. Ukitafuta wenzako wa kuchangia chupa, wawe watu ambao kuku wao ni wazima na wako karibu sana, na atakayekwenda kwao abadili viatu, nguo na sindano. Huyo jirani mwenye ugonjwa si mshirika wa kuchangia chupa naye.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchanja, chemsha sirinji na sindano kwa dakika 20 ziache zipoe zikiwa zimefunikwa. Usizipitishe kwenye spiriti wala jiki, na usipake spiriti shingoni mwa kuku, kwa sababu tone moja linaua chanjo hai. Sirinji ya kujirudisha yenyewe ndiyo inayofaa kwa kundi kama lako. Ijaribu kwa maji safi yaliyochemshwa: bonyeza mara 10 ndani ya sirinji kubwa yenye alama. Ukiwa umeipanga mililita 0.2 lazima upate mililita 2 kamili. Ukipata 1.5, mpira wake umechoka, ubadili. Sindano za namba 20, urefu wa nusu inchi, zinatosha. Uwe nazo angalau 10, ubadilishe kila baada ya kuku 30 hadi 50, na papo hapo ikipinda au ikianguka chini.

Anza mapema, saa moja asubuhi, kabla jua la Arua halijachacha, na uwe umemaliza kabla ya saa nne. Vuta mililita 5 za maji ya kuchanganyia, zitie kwenye kichupa cha unga, zungusha taratibu hadi uyeyuke wote, urudishe kwenye chupa kubwa. Suuza kichupa kwa maji hayo hayo mara mbili zaidi, kwa sababu unga ulioganda kwenye kuta zake ni dozi za kuku wako. Usitikise hadi kufanya povu. Weka chupa kivulini juu ya kitambaa chenye barafu, na kila dakika chache izungushe kwa mkono, maana bakteria huzama chini. Ukisahau hilo, kuku wa mwanzo wanapata kiasi kimoja na wa mwisho kiasi kingine kabisa.

Banda ligawe kwa wavu au mbao, ukusanye kuku 50 kwa wakati mmoja upande mmoja. Ukiwasukuma wote 300 kwenye pembe wanapandana, na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa. Vifo hivyo havihusiani na chanjo lakini chanjo ndiyo italaumiwa. Wawili wakamate, mmoja achome, mmoja ahesabu na kuwaachia upande wa pili ili kuku asichomwe mara mbili. Kazi ikienda vizuri itawachukua muda wa karibu dakika 60.

Mkamataji amshike kuku kwa mbawa na miguu, kifua kikielekea chini. Mchomaji avute ngozi ya nyuma ya shingo, katikati au chini kidogo kuelekea mabegani, hadi isimame kama hema. Sindano iingie sambamba na shingo, ncha ikielekea mwilini, si kichwani. Ikiingia mahali pake, utahisi kidole kinasukuma sirinji kwa wepesi na chini ya ngozi kutatokea kijivimbe kidogo laini. Tazama manyoya baada ya kila sindano. Yakilowa, sindano imetoboa ngozi upande mmoja na kutokea wa pili, na dozi imemwagika nje, mchome tena. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, na huongezeka mkono wa mchomaji unapochoka, kuku wa 150 hivi. Mpokezane. Ukichoma karibu sana na kichwa, kichwa na macho huvimba. Ukigusa mfupa wa shingo, kuku huanguka au kupindisha shingo palepale.

Mwisho pima kilichobaki chupani. Ulianza na 200, kama kuku ni 300 lazima zibaki karibu 140. Zikibaki 160, kuna kuku wamepata pungufu au hawakupata kabisa, hata kama hesabu ya mdomo inasema wamekamilika. Mabaki yachemshwe nusu saa au yatiwe jiki ya kutosha kabla ya kumwagwa chooni, kwa sababu ni bakteria hai. Sindano zitie kwenye kopo gumu lenye kifuniko.

Siku moja au mbili zinazofuata watakuwa wazito kidogo, watakula pungufu. Wape maji safi na vitamini isiyo na antibayotiki. Wakianza kufa kuanzia siku ya tatu hadi ya kumi, ukapasua na kukuta ini la rangi ya shaba, basi ugonjwa ulikuwa umeshaingia kabla ya sindano. Mwite daktari upesi, na hapo dawa itabidi itolewe hata kama itaua chanjo. Kinga yenyewe inahitaji wiki mbili hadi tatu kujengeka. Na usitarajie ukuta: chanjo hii inapunguza sana vifo, lakini kuku aliyechanjwa akikutana na vijidudu vingi anaweza kuambukizwa na kuvibeba bila kuonyesha dalili.

Kwa hiyo mlango wa banda una kazi sawa na chupa. Viatu vya jirani aliyekuja kukupa pole au kuomba ushauri, trei za mayai zinazozunguka sokoni na kurudi na kinyesi cha banda la mwingine, magunia ya chakula yaliyotumika, panya, nzi, kuku wa mnadani aliyeletwa "aongeze damu" kundini: hizo ndizo njia zake. Utitiri mwekundu unaojificha kwenye nyufa za mbao na kunyonya damu usiku unaweza kubeba vijidudu kutoka kundi lililoondoka hadi kundi jipya, kwa hiyo usioshe sakafu tu ukasahau vichanja. Maganda ya kahawa na maranda ya chini yakilowa, yatoe. Mizoga ichomwe au izikwe kina kirefu ambacho mbwa hawatafukua. Anayempa mbwa kuku mgonjwa ameusambaza ugonjwa mtaa mzima. Unapoagiza vifaranga kutoka Kampala, muulize mwenye mashine kama wazazi wao wanapimwa damu kwa taifodi na kwa ule ugonjwa wa vifaranga kuhara kinyesi cheupe. Akijibu kwa hasira, tafuta mwingine.

Hukuuliza kuhusu magonjwa mengine ya bakteria, lakini madukani utatajiwa mawili, na chanjo zake zinafanya kazi kwa namna tofauti.

La kwanza ni mafua ya kuku, si yale makali ya ndege niliyotaja juu, bali yale ya uso kuvimba upande mmoja au wote, kamasi zenye harufu mbaya na macho kufunga. Huenea kundi zima kwa siku chache, hayaui sana lakini mayai yanaporomoka. Chanjo yake ni bakteria waliouawa, kwenye mafuta au kwenye aluminiamu, kwa hiyo antibayotiki haziiharibu. Udhaifu wake ni kwamba dozi moja haitoshi: kawaida hutolewa mbili, zikipishana wiki 4 hivi, kati ya wiki ya 8 na ya 16, na ya mwisho imalizike wiki tatu au nne kabla ya kutaga. Bakteria huyu ana makundi matatu, A, B na C, na kinga ya kundi moja haimkingi kuku na jingine. Chagua chupa iliyoandikwa makundi yote matatu.

Chanjo za mafuta zina masharti yake. Zitoe kwenye friji jioni ya kuamkia siku ya kuchanja zifikie joto la chumba, kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito, yanaumiza kuku na kuharibu kipimo cha sirinji. Tikisa chupa vizuri. Tumia sindano namba 18. Ukielekezwa kuchoma kwenye kidari, choma pembeni mwa mfupa wa katikati, sehemu ya mbele, kwa mshazari. Ukiichoma wima na kwa kina, unagusa ini, na kuku anakufa mikononi mwako. Na hili shika sana: ukijichoma kidole na chanjo ya mafuta, hata kitone, usinyonye kidole na kuendelea na kazi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na karatasi ya chanjo mkononi, umwambie daktari ni mafuta. Mafuta hayo hufunga mishipa ya damu kidogo kidogo, na watu wamepoteza vidole kwa kusubiri kesho.

La pili ni kipindupindu cha kuku. Huu ndio ugonjwa ambao Louis Pasteur, Ufaransa, alitumia karibu na mwaka 1880 kugundua kwamba kijidudu kilichodhoofishwa maabara kinaweza kuwa kinga. Kuku wakubwa wanaonona hufa ghafla, au undevu wa kidevuni unavimba. Chanjo iliyouawa ipo, dozi mbili, lakini inakinga tu dhidi ya aina zilizomo ndani yake. Kama eneo lenu halijathibitishwa kuwa na ugonjwa huu, usiongeze sindano kwa hofu. Nafasi kati ya sindano hizi na ya taifodi iwe wiki mbili, isipokuwa daktari aseme tofauti. Kuhusu bakteria wa koli, wanaofunika moyo na ini kwa utando mweupe, mara nyingi tatizo ni hewa: ukiingia bandani alfajiri macho yakawasha, fungua madirisha kabla ya kufikiria chanjo.

Kuku wa nyama wanaouzwa wakiwa na wiki 5 au 6 hawahitaji chanjo ya taifodi. Kuroila na kuku wa kienyeji unaotaka wakae na kutaga, ndiyo, wachanje pamoja na wa mayai.

Kuhusu nyama na mayai: taifodi ya kuku si taifodi ya watu. Ni bakteria wa ndege, na mara chache sana humdhuru binadamu. Matembe wako hawajaanza kutaga, kwa hiyo kwa dozi hizi mbili mayai hayahusiki. Kwa nyama, subiri siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya chanjo. Za mafuta huwa na muda mrefu zaidi kwa sababu mafuta hubaki mahali palipochomwa. Kinachopaswa kukusumbua zaidi ni ile oksitetrasaiklini, ambayo huingia kwenye yai na kwenye nyama na haitoki yote kwa kupikwa. Ukilazimika kuitumia baadaye kwa kuku wanaotaga, mayai ya siku za dawa na ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hayauzwi wala hayaliwi nyumbani, na vifaranga wasipewe mabaki ya mayai hayo.